Taimlaini nyekundu saa nne usiku: kusoma dalili za DaVinci Resolve mkiwa kikundi

Tulikuwa sita, mwaka wa pili, na asaimenti ya video ya dakika nane kuhusu wakaangaji wa samaki pale Feri, Dar es Salaam. Kuediti wote tulikujua, au tulijidhania: CapCut kwenye simu, maandishi yanaruka, muziki kwa chini, unaposti. Mhadhiri akasema kazi itafanywa kwa DaVinci Resolve, programu ya kuediti video kwenye kompyuta, na mradi wenyewe utakaguliwa, siyo video peke yake. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuifungua. Laptopu zilizoweza kuibeba zilikuwa mbili.

Siku ya tisa, saa nne usiku, mwenzetu akafungua kazi nyumbani kwao na taimlaini nzima, ule mstari wa klipu tulizopanga, ikawa nyekundu: "Media Offline". Grupu la WhatsApp likawaka. Nani kafuta? Nani kagusa? Kumbe hakuna aliyefuta kitu.

Tangu hapo kila muhula wadogo zangu wa chuo wananitafuta na maswali yale yale. Nimeyapanga kwa dalili, maana mtu aliyekwama hajui jina la ugonjwa, anajua anachokiona tu. Na nimejifunza kuanza na swali moja: hii klipu ilitoka kwa nani, na imepita wapi mpaka kufika hapa? Matatizo mengi mtakayoyakuta ndani ya programu yalizaliwa kabla haijafunguliwa, ama siku ya kurekodi ama wakati wa kukabidhiana.

Jambo jingine kabla hatujaingia: badilisheni kitu kimoja, mtazame matokeo, ndipo mguse kingine. Mkibonyeza vitu vitano kwa hasira, tatizo likaisha, hamtajua ni kipi kilichoponya, na kesho litarudi likiwa na wadogo zake.

Na msiilaumu "ya bure". Blackmagic Design, kampuni ya Australia inayotengeneza programu hii, hutoa toleo la bure linalotoa video mpaka 3840 × 2160 kwa fremu 60 kwa sekunde. Toleo la kulipia, Studio, lina mambo yake, lakini video ya dakika nane ya chuo haihitaji hata nusu yake.

"Nimekopi folda yote, lakini mradi haupo"

Hili huwapata hasa waliowahi kugusa programu nyingine za kompyuta. Wamezoea kwamba ndani ya folda kuna faili la mradi, unalibofya mara mbili, kazi inafunguka. Resolve haifanyi hivyo. Mradi unakaa kwenye maktaba ya programu yenyewe, ndani ya kompyuta uliyoanzia. Folda yako ya video haina habari nao kabisa. Ukiikopi kwenye flashi umebeba unga na mafuta, maandazi yamebaki nyumbani.

Dawa: fungua dirisha la miradi, "Project Manager", bofya kulia juu ya mradi, chagua "Export Project". Litatoka faili lenye mwisho wa .drp. Ni dogo, linaingia WhatsApp kama dokumenti bila shida. Mwenzako akilipata anafungua dirisha hilo hilo kwake na kuchagua "Import Project".

Lakini .drp haina video ndani. Ina maagizo tu: kata hapa, weka muziki pale. Ukitaka vyote kwa pamoja, mradi na video zake, chagua "Export Project Archive". Hiyo hutoa folda yenye mwisho wa .dra, na ukubwa wake ni jumla ya video zenu zote, kwa hiyo tafuteni diski ya nje, flashi ya GB 8 haitatosha.

Taimlaini nyekundu, "Media Offline"

Ndiyo ile ya saa nne usiku. Programu inakumbuka video kwa anwani yake, kwa mfano E:\FERI\SIKU1\. Kwenye laptopu ya kwanza flashi ilikuwa E, kwenye ya pili ikasomeka F. Video zipo, hazijaguswa, ila mlango umebadilika namba.

Chagua klipu zote kwenye Media Pool, pale zinapokaa klipu mlizoingiza, bofya kulia, "Relink Selected Clips", ionyeshe folda ilipo sasa. Ndani ya sekunde chache rangi nyekundu inaondoka. Sisi tulikaa na woga mpaka saa saba kwa kitu cha sekunde chache.

Pale relinki inapogoma, tazameni majina. Kuna aliyeona IMG_0012 haimwambii kitu, akalibadilisha likawa "mama_anakaanga" wakati klipu iko tayari kwenye taimlaini. Basi programu inatafuta mtu aliyebadili jina. Rudisha jina la zamani, itampata. Mbaya zaidi ni simu mbili zilizotoa IMG_0012 kila moja: relinki inaweza kuokota isiyo yake, na katikati ya mahojiano mnaona mtumbwi. Majina yapangwe siku ya kurekodi, kabla ya kuingiza chochote. Sisi tuliishia kuweka herufi ya mwenye simu mbele, A_, B_, C_, na baada ya hapo jina halibadilishwi na mtu yeyote, hata mwenye simu.

Mradi unakataa kufunguka kwa mwenzako

Matoleo yanatofautiana. Jipya hufungua kazi ya la zamani, la zamani halifungui kazi ya jipya. Mmoja akikubali kusasisha katikati ya wiki ya mwisho kwa sababu kidirisha kimemwomba kwa adabu, amewafungia mlango wengine watano. Kubalianeni toleo siku ya kwanza, mtu mmoja alipakue kwa bando lake, wengine walikopi kwa flashi, na kidirisha cha kusasisha kikitokea kifungwe mpaka kazi ikabidhiwe.

Picha imefifia na ina vijiraba, ilhali kwenye simu ilikuwa safi

Soma jina la faili. Likiwa linafanana na VID-20240312-WA0007.mp4, hizo herufi WA ni muhuri: imepita WhatsApp ikabanwa. Hakuna kitufe cha kurudisha kilichobanwa. Muombeni aliyerekodi atume tena, safari hii kama dokumenti na siyo kupitia galari. Kwa njia ya dokumenti faili haliguswi, na linaweza kufika GB 2. Kama yupo karibu, waya wa USB haumalizi bando.

Kwa kupigia hesabu: iPhone kwenye mipangilio yake huandika kuwa dakika moja ya 1080p kwa fremu 30 ni takriban MB 60 kwa HEVC na MB 130 kwa H.264, njia mbili za kubana video. Saa moja ya mahojiano kwa H.264 inakaribia GB 8. Jueni hilo kabla hamjapanga nani atamtumia nani nini.

Sauti inaachana na mdomo

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo vikundi vingi vinapopoteza usiku mzima, na kwa sababu dalili moja ina baba watatu.

Kwanza vua spika za Bluetooth masikioni. Sauti ya Bluetooth huchelewa yenyewe. Sikiliza kwa waya au kwa spika za laptopu. Kama tatizo limeondoka, halikuwepo.

Kama lipo bado, nenda mwanzo wa klipu, pima mdomo na sauti vimeachana kiasi gani. Kisha nenda mwishoni, pima tena. Hili ndilo swali linaloamua kila kitu: pengo ni lile lile, au limekua?

Pengo likiwa lile lile mwanzo mpaka mwisho, sauti imesogea tu. Pengine mmekata picha mkasahau sauti. Klipu iliyoachanishwa na sauti yake mara nyingi huonyesha alama nyekundu yenye namba ya fremu ilizopishana. Isogezeni kwa idadi hiyo. Kama sauti ilirekodiwa pembeni kwa simu nyingine, chagua klipu zote mbili kwenye Media Pool, bofya kulia, "Auto Sync Audio", chagua kulinganisha kwa mawimbi ya sauti. Kazi hiyo inakuwa rahisi zaidi kama kuna mtu alipiga kofi moja kubwa mbele ya kamera mwanzoni. Tulidhani kupiga kofi ni mbwembwe za watu wa sinema. Siku ya pili ya kurekodi tulipiga makofi kama tuko harusini.

Pengo likikua, mwanzoni sawa, dakika ya tatu mdomo umetangulia, dakika ya saba mtu amefunga kinywa na bado anaongea, tatizo ni mwendo wa fremu. Simu nyingi hazirekodi kwa kasi isiyobadilika. Unaona imeandikwa 30, lakini kwenye mwanga hafifu kamera inapunguza fremu ili ipate mwanga, kisha inaongeza tena. Chini ya mabati ya Feri, kwenye moshi wa mafuta, simu yetu ilikuwa inafanya hivyo kila anapopita mtu mbele ya mwanga. Vivyo hivyo kwa video ya kurekodi skrini. Hata bila ya hayo, klipu ya fremu 29.97 ikihesabiwa kama ya 30 bila kurekebishwa, kwenye dakika nane inaachana karibu nusu sekunde, na nusu sekunde kwenye mdomo wa mtu inaonekana na kila mtu ukumbini.

Kusogeza sauti hapa ni kujidanganya: utaiweka sawa mwanzo, iharibike mwisho. Toeni klipu, ipitisheni HandBrake, programu ya bure, kwenye sehemu ya video chagueni fremu 30 na mtie alama "Constant Framerate", kisha mwingize hiyo mpya. Fanyeni hivyo kwa klipu zote za simu kabla ya kukata hata moja. Ukifanya baada ya kukata unaanza kubadilishana klipu moja moja, na huo ndio usiku mwingine.

Mwendo unarukaruka, mtu akitembea anashtuka-shtuka

Mlipoingiza klipu ya kwanza, kilitokea kidirisha kinachosema fremu za klipu hazifanani na za mradi, kinauliza ubadilishe au uache. Mtu mwenye haraka akabonyeza kuacha. Resolve huanza na fremu 24, simu yenu imerekodi 30, kwa hiyo kila sekunde kuna fremu sita zinatupwa.

Ubaya ni kwamba namba hii haibadiliki tena taimlaini ikishatengenezwa. Ukubwa wa picha unaweza kuubadili saa yoyote, fremu hapana. Kama mko siku ya kwanza, anzeni mradi mpya bila huruma. Kama mmeshakata dakika sita, tengenezeni taimlaini mpya yenye mipangilio yake ya fremu 30, mkopi klipu mle, kisha mkague kila mkato kwa jicho, maana baadhi yake itakuwa imesogea fremu moja au mbili.

Mistari ya giza inapanda na kushuka chini ya taa

Umeme wetu ni wa Hz 50, kwa hiyo taa za aina nyingi humeta mara 100 kwa sekunde. Kamera ikiwa na shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga) ya 1/60 inagongana na mdundo huo na mistari inaonekana. Wakati wa kurekodi wekeni shata 1/50 au 1/100, ikiwezekana na fremu 25. Ikiwa mmesharekodi, kifaa cha kuondoa mistari hiyo kimo kwenye Studio ya kulipia. Sisi tulirudi kurekodi mchana.

Sauti ipo, picha hakuna. Au picha ipo lakini imeungua

Mbili tofauti, zote za simu mpya. Ya kwanza ni HEVC, inayoitwa pia H.265, ambayo si kila kompyuta huisoma vizuri. Kwenye iPhone ingia Settings, Camera, Formats, chagua "Most Compatible". Ambazo zimesharekodiwa, HandBrake tena, mgeuze ziwe H.264.

Ya pili: iPhone kuanzia ya 12 hurekodi HDR (video yenye mwanga mpana kuliko ya kawaida) kama haijazimwa, na ndani ya mradi wa kawaida anga linakuwa jeupe kama karatasi. Zimeni HDR kabla ya kwenda kurekodi. Mkishachelewa, ukurasa wa Color unaweza kuokoa kiasi, ila mtu mmoja ajitolee kukaa nayo.

Laptopu inakwama kila ukibonyeza play

Juu ya kioo cha video kuna kidoti na namba ya fremu. Kikiwa kijani, kompyuta inaenda na kazi. Kikiwa chekundu, imezidiwa. Blackmagic wenyewe wanapendekeza RAM ya GB 16, na 32 ukitumia Fusion, ukurasa wa efekti na maandishi yanayocheza. Laptopu nyingi za wanafunzi zina 8, na picha zinategemea RAM hiyo hiyo. Ikishindwa kabisa itasema kumbukumbu ya GPU, chipu ya picha, imejaa.

Shukeni ngazi kwa ngazi. Fungeni kivinjari chenye tabo arobaini. Kwenye menyu ya Playback punguzeni ukubwa wa kuchezea uwe nusu au robo. Haigusi video ya mwisho. Kwenye mipangilio ya mradi shusheni taimlaini iwe 1280 × 720 wakati wa kukata, mtairudisha 1080 siku ya mwisho. Bado inakwama? Chagueni klipu zote, bofya kulia, "Generate Proxy Media", muiache ifanye kazi mkienda kula. Inatengeneza nakala nyepesi za kukatia, zile halisi zinangoja siku ya kutoa.

Wala msikae kwenye ukurasa wa Fusion kuweka jina la mhojiwa. Tulikuwa na mwenzetu aliyetaka maandishi yaingie kwa moshi. Yaliingia, laptopu ikatoka.

Diski C ikijaa ghafla, ni faili za muda: Playback, "Delete Render Cache". Hakuna kazi inayopotea humo.

"Nimefuta sekunde mbili, muziki wote umehama"

Hili ni la watu wa CapCut, mimi nikiwa wa kwanza. Kwenye simu tumezoea ukifuta kipande, vinavyofuata vinasogea vyenyewe kuziba pengo. Kwenye ukurasa wa Edit wa Resolve kuna vitufe viwili vyenye tabia tofauti. Backspace hufuta na kuacha pengo. Delete hufuta na kuvuta kila kinachofuata, pamoja na nyimbo na sauti zilizo kwenye njia nyingine (mistari mingine ya taimlaini) kama njia hizo hazijazuiwa.

Niliuona usiku mmoja kwa macho yangu: mama mmoja anasema "samaki wa leo", muziki unaingia juu ya neno "leo" mahali palipotakiwa kimya. Nikarudisha muziki kwa mkono. Dakika mbili baadaye ukahama tena. Nilifanya hivyo mara nne kabla ya kugundua ni kidole changu. Fungeni kufuli la njia ya muziki pembeni kushoto, kisha mkate mnavyotaka. Na ukiingiza klipu kwenye taimlaini, F9 inasukuma zilizopo, F10 inazifunika. Ziandikeni kwenye karatasi mbandike juu ya laptopu.

Sauti inasikika sikio moja

Maiki ya kubana kwenye nguo imerekodi upande wa kushoto peke yake. Bofya kulia klipu, "Clip Attributes", sehemu ya Audio, badilisha kutoka stereo kuwa mono. Dakika moja. Na voisi noti ya .opus mtu akiitaka ndani ya video, igeuzwe kwanza kuwa WAV.

Maandishi makubwa ya chapa juu ya picha

Mmeweka efekti ya toleo la kulipia. Iondoeni, yanaondoka.

Kazi imepotea umeme ulipokatika

Mara nyingi haijapotea. Resolve ina "Live Save", huhifadhi kadiri unavyofanya kazi. Hakikisheni imewashwa kwenye Preferences, sehemu ya User, "Project Save and Load". Hapo hapo tieni alama "Project Backups". Siku mradi ukifunguka ukiwa na kituko, nendeni dirisha la miradi, bofya kulia, mtakuta nakala za dakika na saa zilizopita.

Lakini kuna upotevu mwingine ambao hauna menyu. Kwetu alikuwepo dada mmoja mwenye mkono mwepesi, siku tatu za mwanzo akawa ameshaielewa programu kuliko sisi wote. Tukamwachia. Yeye anakata, sisi watano tuko nyuma yake tunasema "rudisha kidogo, hapo, hapana, mbele". Siku ya sita akaugua malaria. Mradi tunao, .drp tunayo, video zote zipo, na hakuna anayejua kwa nini njia ya tatu ya sauti imezimwa wala nini maana ya alama za njano.

Aliporudi tuliweka utaratibu: anayejua hakai kwenye kiti. Anakaa pembeni, mikono mapajani, anaeleza kwa mdomo, na asiyejua ndiye anashika mausi. Dakika ishirini, mnabadilishana. Mwanzoni inachosha mno, kitu cha sekunde kumi kinachukua dakika tatu na mwenye ujuzi anatafuna midomo. Kufikia siku ya tatu ya utaratibu huo wanne kati yetu waliweza kurelinki, kukata na kusawazisha sauti bila kuuliza. Tuliongeza daftari la shule, la karatasi: kila anayeondoka kwenye kompyuta anaandika saa, alichobadilisha, na jina la .drp aliyotoa. Majina kwa tarehe na namba, FERI_0412_03, wala siyo "final", "final2" na "final_kweli". Grupu la WhatsApp halifai kazi hii, ujumbe unazikwa na stika ndani ya nusu saa.

Video imetoka sekunde 40. Au imetoka dakika 23 na nyingi ni giza

Ya sekunde 40: kuna mtu aliweka alama za mwanzo na mwisho kwenye taimlaini akisikiliza kipande, akasahau. Kwenye ukurasa wa Deliver, wa kutoa video, juu ya taimlaini, badilisheni "In/Out Range" kuwa "Entire Timeline".

Ya dakika 23: kipande kidogo cha klipu kimedondoka mbali huko mwisho. Bonyezeni Shift na Z muone taimlaini nzima kwa pamoja, mtakiona kimejikunyata peke yake kulia. Kifuteni.

Na kama faili ni kubwa kupita kiasi, hamkuchagua umbo. Chagueni MP4, H.264, kasi muizuie kwenye 10,000 Kb/s. Kwa dakika nane hiyo ni takriban MB 600, na kwa projekta ya ukumbini inatosha. Kama mlikata kwa proksi, hakikisheni alama ya kutumia proksi wakati wa kutoa imeondolewa, na taimlaini imerudi 1920 × 1080.

Flashi ina nafasi GB 20, inasema faili ni kubwa mno

Flashi imefomatiwa FAT32, ambayo haipokei faili moja linalofika GB 4 hata ikiwa tupu. Ondoeni vilivyomo, mfomati upya kwa exFAT. Ila fahamuni kwamba runinga na projekta za zamani zinazosoma flashi moja kwa moja huenda zisiitambue exFAT, kwa hiyo kwa siku ya kuwasilisha ni salama zaidi kuwa na faili la MP4 dogo kwenye flashi ya FAT32.

Sisi tuliingia ukumbini na flashi mbili. Ya kwanza ilikuwa imepita stationeri asubuhi kuchapishiwa ripoti, na kompyuta ya ukumbini ilipoifungua haikuonyesha faili hata moja, ila shotikati moja tu, virusi. Mwenzetu, yule aliyeliwasha grupu saa nne usiku siku ile, akatoa ya pili kutoka kwenye soksi.

"Hii haijachomekwa popote tangu jana," akasema.